Uso wa Mama kwenye Zinki

Goma, Mabanga, tarehe 3 Novemba 2024

Papa mupenzi,

Jambo sana. Kifua kinasemaje? Shangazi Christa bado anakunywesha ile chai ya tangawizi kwa nguvu? Kunywa tu, papa, usibishane naye. Mimi niko muzima, namushukuru Mungu. Chumba changu kinavuja pembe moja tu, na hapo nimeweka sufuria, tunaelewana.

Mama Clotilde, yule anayeuza fromage ya maziwa ya Masisi, anapanda boti kesho kuja Bukavu. Yeye ndiye anakuletea barua hii. Ndani ya karatasi ngumu kuna kitu. Usikifungue kwanza, soma mpaka mwisho. Najua umeshakifungua.

Papa, wewe unafikiri kule atelier ya uchoraji ya Himbi tunachezea krayo. Hapana bwana! Muzee Buhendwa anatufundisha kuchora ndani ya chuma. Unachukua bati la zinki, unalipaka nta nyeusi, unachora kwa sindano mpaka chuma kionekane. Halafu unalizamisha ndani ya maji yenye dawa. Dawa haigusi nta, inakula pale tu sindano ilipopita. Ukiliacha dakika tano, mustari unakuwa mwembamba kama unywele. Ukiliacha saa nzima, unakuwa mufereji. Kisha unatoa nta, unapaka wino, unaufuta, unaweka karatasi iliyolowana kidogo, unapitisha kwenye mashini ya kukandamiza. Wino uliojificha ndani ya mifereji unatoka, ndiyo picha. Muzee anasema kazi hii ni ya watu wa kwetu, sababu kilichokuuma sana ndicho kinatoka cheusi sana.

Sasa jambo lenyewe. Niko na miaka ishirini na moja na sijui uso wa mama yangu. Tulipokimbia Masisi nilikuwa na minne. Photo ya ndoa yenu iliungua pamoja na nyumba. Na wewe, kila nikikuuliza, unasema "alikuwa muzuri," halafu unatafuta kazi ya kufanya. Mwezi wa tatu atelier itaonyesha kazi zetu kwa watu, na mimi nimechagua kumuchora yeye. Hii uliyoshika nimeichora kwa kubahatisha. Nisaidie, papa. Niambie alivyokuwa, nitabadilisha. Maonyesho hata yasipofanyika, mimi nataka kumuona mama.

Mutoto wako anayekupenda,
Héritière

*

Bukavu, tarehe 19 Novemba 2024

Kwa mwanangu Héritière,

Nakusalimia katika jina la Bwana. Kifua kinapanda na kushuka kama njia za hapa Bukavu. Shangazi yako anakusalimia na anauliza kama unakula. Barua yako ilinuka fromage mpaka wanafunzi wangu wakauliza nani ameficha chakula darasani.

Ndiyo, nilifungua kabla ya kusoma.

Halafu nikakaa siku kumi bila kujibu. Nilikasirika, nakuambia ukweli. Nikachukua kalamu yangu ya bic nyekundu, nikasahihisha picha yako kama imla, dictée ya darasa la tano. Ninakurudishia, utaona mwenyewe.

Kwanza, nani alikuambia alikuwa analia? Machozi haya ya nini? Na hema hili la plastiki nyuma yake limetoka wapi? Philomène hakulala ndani ya hema hata usiku mumoja. Alikuwa na nyumba ya mbao yenye milango miwili, ng'ombe wanne, na shamba la viazi lililotazama bonde lote. Alikuwa ananicheka mimi mwalimu, anasema mushahara wangu ni kama mvua ya mwezi wa saba. Wageni wakitazama mwanamuke wa Kivu wanatafuta hema na machozi, na ninyi munawachorea. Mama yako alikuwa mukimbizi siku tatu. Aliishi miaka ishirini na saba. Chora hiyo ishirini na saba.

Pili, alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto. Ng'ombe alimupiga pembe siku moja akikamua. Hakumuuza ng'ombe yule, alisema wote wawili walikuwa na haraka.

Tatu, kitambala cha kichwa alikifunga nyuma, masikio nje. Hakukishusha machoni namna hii. Huyu uliyemuchora ni mujane, na mujane ni mimi.

Na hiyo dawa inayokula chuma ni dawa gani? Usiniletee habari ya kuungua.

Papa yako,
Donat

*

Goma, tarehe 8 Desemba 2024

Papa mupenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa hasira niliyokutia. Naomba kifua kisikusumbue juu yangu. Hapa mvua inanyesha kila siku, lakini afya iko.

Niliposoma barua yako nilisikia aibu, nikaificha chini ya godoro siku mbili. Nitakuambia ukweli wangu pia. Mwaka jana nilichora mwanamuke na hema, mama mumoja wa ofisi fulani ya misaada pale Himbi akasimama mbele yake dakika nyingi akisema "oh, oh." Toka siku ile mukono wangu ukawa unachora hema wenyewe, hata sikuuliza. Aksanti kwa kunigombeza, papa. Hakuna mutu mwingine angenifanyia hivyo.

Hema nimelitoa. Usifikiri ni kama kufuta krayo! Unakwangua chuma kwa kisu cha pembe tatu, halafu unasugua kwa chuma laini mpaka kiwe sawa. Vidole vimeota sugu. Machozi nayo nimeyatoa. Masikio nimeyaweka nje. Kovu nimelichora na kuliacha ndani ya dawa dakika arobaini, ili lionekane.

Dawa, usiogope. Ni sulphate ya bluu na chumvi ya jikoni. Ile ile ya kupulizia viazi.

Nakutumia ya pili. Lete hiyo bic yako.

Mutoto wako,
Héritière

*

Bukavu, tarehe 28 Desemba 2024

Mwanangu,

Noeli njema, hata kama imepita. Tulikula kuku wa shangazi yako, yule muzee aliyekuwa anatuamsha. Alikuwa mugumu kama kichwa chako.

Kovu! Nilisema kushoto, nawe umeliweka kulia. Kushoto kwake yeye, Héritière, si kushoto kwako wewe unayemutazama. Nimefundisha miaka thelathini na mutoto wangu mwenyewe hajui kushoto.

Lakini masikio ni yake. Niliyatazama nikasahau chai mpaka ikapoa.

Uliposema sulphate ya bluu nilicheka peke yangu, shangazi yako akafikiri ninaumwa. Kila musimu wa viazi mama yako alikuwa bluu mpaka kwenye viwiko. Haikutoka kwa sabuni wala kwa majani. Jumapili alipokea komunyo na mikono hiyo, padri akamuuliza kama amepaka rangi mbingu. Sikukumbuka jambo hili miaka mingi, na sasa limekuja lenyewe.

Mudomo bado. Umemupa mudomo wa sanamu ya kanisa. Siwezi kukueleza mudomo wake kwa maneno, nimejaribu kurasa mbili nikazichana. Tafuta kioo, mwanangu. Mudomo ni ule unaotumia kunijibu.

Watu wanasema njia za Masisi zimechafuka tena kwa vita. Usitembee ovyo. Andika haraka.

Papa yako,
Donat

*

Goma, tarehe 9 Machi 2025

Papa, papa yangu,

Niko hai. Ninaanza hapo sababu najua ulikuwa unangoja neno hilo. Nilipata sauti yako kwenye simu ya jirani dakika ile moja, ikakatika, nikamushukuru Mungu hata kwa dakika hiyo. Wewe na shangazi je? Na ninyi huko vita iliwafikia mwezi wa pili, tulisikia. Boti zimeanza tena na Mama Clotilde amesema akipanda, barua inapanda.

Siku zile za Januari sitakueleza zote. Tulilala chini ya kitanda, watu saba ndani ya chumba changu, sababu ukuta wangu ni wa mawe. Maji tulichota ziwani kwa zamu. Jirani zangu wote wako, tumushukuru Mungu sana.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetengeneza kovu. Papa, nicheke. Mashini inageuza kila kitu! Unachochora kulia kwenye bati kinatoka kushoto kwenye karatasi. Muzee Buhendwa alitufundisha siku ya kwanza, na mimi kwa furaha ya kumuchora mama nikasahau. Mudomo niliuchora nikijitazama kwenye kioo, vile vile ninavyouona, na mashini ikaugeuza ukawa sawa. Nilipotoa karatasi nilishituka. Niliona mutu anayetaka kunijibu.

Halafu wezi wakaingia atelier. Walichukua viti, madirisha, karatasi zote. Mashini ilikuwa nzito wakaiacha. Bati la mama halikuwa pale. Papa, nililia kuliko nilivyolia kwa masasi ya bunduki. Nilitafuta wiki mbili nyumba kwa nyumba, nikiuliza "hamujaona kipande cha zinki chenye uso?" Watu walifikiri akili imenitoka. Mwishowe nilimukuta kwa Papa Jean-de-Dieu, muzee anayekaa nyuma ya atelier. Aliliokota njiani akazibia dirisha lake lililovunjika. Alipigilia misumari pembe nne, na mama katikati anatazama njia. Nilipomueleza, muzee yule alivua kofia, akang'oa misumari mumoja mumoja kwa mukono wake, akaomba musamaha kwa bati. Na dirisha lake akalizibia karatoni. Nitamushukuru mpaka kufa.

Lakini wezi walikuwa wamelikokota juu ya mawe ya volcan. Kuna mikwaruzo mitatu mirefu, toka paji la uso, juu ya jicho, mpaka shavuni. Nilichapa karatasi moja, mikwaruzo inatoka myeusi sana. Muzee Buhendwa alipoiona akasema: "Usiguse! Hapo vita yenyewe imechora. Hakuna fundi anayeweza kufanya hivyo. Watu watasimama mbele yake." Wenzangu wote wanasema hivyo. Na mimi ninaona wako na haki kidogo. Picha ina nguvu.

Lakini yeye ni wetu wawili. Sitaamua bila wewe. Niache au nitoe?

Mutoto wako,
Héritière

*

Bukavu, tarehe 27 Machi 2025

Mwanangu,

Mungu asifiwe, asifiwe, asifiwe. Sisi tuko. Nyumba ya shangazi yako ilipoteza mulango tu. Musalimie Papa Jean-de-Dieu, mwambie kuna mwalimu huku Bukavu anayemutaja kila jioni katika sala.

Toa.

Buhendwa ni fundi, ninamuheshimu, na ninamushukuru kwa yote aliyokupa. Lakini huyo ni muke wangu, si bibi yake. Vita ilichukua ng'ombe, ikachukua nyumba, ikachukua photo. Na kaburi lake kule kando ya njia sijui kama mutu bado anaweza kulitambua. Sasa inataka na uso? Na sisi tuiandikie "aksanti kwa muchoro"? Hapana.

Ninaelewa wanachokisema. Picha itakuwa na nguvu, sikatai. Lakini nguvu hiyo ni ya vita, na watu watakaosimama mbele yake watatazama mikwaruzo. Ukitaka, siku moja nichore mimi na uniweke mikwaruzo yote mitatu. Mimi niko hai, nitaweza kuijibu.

Kama ni kazi ngumu mno, niambie, nitaelewa. Lakini uliniuliza, na hilo ndilo jibu.

Papa yako,
Donat

*

Goma, tarehe 2 Juni 2025

Papa mupenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa shangazi. Habari ya wanafunzi? Mimi niko vizuri, mikono tu ndiyo inalalamika, na utajua sababu.

Nimetoa. Wiki sita, papa! Nilikwangua, nikapiga nyundo polepole kwa nyuma ili chuma kirudi juu, nikasugua kwa mafuta mpaka bega likavimba. Muzee Buhendwa alininunia siku tatu. Siku ya nne alikuja akakaa karibu yangu, akachukua chuma laini akasema, "Sogea, unasugua kama mutu anayeosha sufuria," akanisaidia mpaka giza. Baadaye aliniambia na yeye hana photo ya baba yake.

Sasa sikia. Chuma kilichosuguliwa sana hakishiki wino. Pale palipokuwa mikwaruzo, wino ulikataa kukaa, na karatasi ikatoka nyeupe. Kwa hiyo mama ana mwanga, toka paji la uso mpaka shavuni, kama mutu aliyefungua mulango asubuhi. Sikuupanga, papa, hata Muzee hakuutegemea.

Tulionyesha kazi Jumamosi, uani tu, watu hawakuwa wengi. Yule mama wa ofisi alikuja, akatazama, akaniuliza huyu mwanamuke ana shida gani. Nikamujibu: kwa sasa hana. Akacheka, akabaki akimutazama. Wamama wa Mabanga walikuja na watoto mugongoni, na watatu wameniomba niwachoree watu wao ambao photo zao zimepotea. Nimekubali wote. Nitawauliza maswali kama yale uliyonijibu wewe.

Na mumoja wao, papa, alifika mbele ya mama akapiga kelele, "Philomène wa mwalimu!" Hakuna aliyemuambia jina! Anaitwa Annonciata, alitoka kilima chetu, sasa anauza makaa hapa Goma, mutaa wa Katoyi. Alimushika mama shavu kwa kidole, akaacha alama ya makaa kwenye kioo cha fremu, akaanza kulia na kucheka pamoja. Kisha akasema: "Musalimie baba yako. Mwambie Annonciata hakumulaumu hata siku moja." Nilimuuliza kwa nini, akasema hilo ni la mwalimu mwenyewe.

Hii ni chapa ya kwanza, namba moja, ni yako. Nimeifunika kwa karatasi nyepesi ili wino usiguswe. Ukitaka kumuona, funua tu.

Aksanti, papa. Sikuwa na mama, na sasa niko naye. Umenipa kwa barua tu.

Mutoto wako,
Héritière

*

Bukavu, tarehe 23 Juni 2025

Mutoto wangu Héritière,

Leo sitaanza na kifua. Amani iwe nawe, na ubarikiwe mikono yote miwili mpaka kwenye bega linalouma.

Picha ilifika Jumanne. Niliiweka mezani, nikaenda kufundisha. Nikarudi, sikuigusa. Siku tano. Shangazi yako aliniuliza kama ninangoja ijifunue yenyewe. Zile za kwanza nilizifungua kama daftari za wanafunzi, kwa sababu hazikuwa yeye bado. Hii nilijua ni yeye.

Umenitajia Annonciata, basi nitakuambia.

Tulikuwa tunashuka kuelekea Sake, siku ya tatu ya kukimbia. Homa ilikuwa imemushika mama yako tangu usiku wa kwanza. Akaniambia, "Tangulia na mutoto, mimi nitawafikia na wamama." Wewe ulikuwa umelala mugongoni mwangu. Nikatangulia. Nilipoona anakawia nikarudi nyuma, nikakuta Annonciata na wenzake wamemulaza kando ya njia, wamemufunika kitenge chake. Annonciata akaniambia, "Mwalimu, funua umuage." Sikufunua. Nilisema watu wanapita, nilisema tuzike haraka kabla ya mvua. Hakukuwa na mvua. Niliogopa, mwanangu. Nilimuzika bila kumutazama.

Miaka kumi na saba, kila uliponiuliza uso wake, mimi nilikuwa ninaona kitenge cha njano chenye majani. Ndiyo sababu nilikuwa ninatafuta kazi ya kufanya. Uliponitumia mwanamuke yule anayelia nilikasirika, na katika hasira nikakumbuka kwamba hakuwa hivyo. Kovu nililikumbuka nikiwa ninaliandika. Mikono ya bluu uliniletea wewe. Nilifikiri ninakusahihisha, kumbe ulikuwa unanirudishia bibi yangu kipande kwa kipande. Sijui baba gani amepewa na mutoto wake zawadi kama hii. Ninakushukuru. Ninamushukuru Buhendwa, ninamushukuru yule muzee wa dirisha. Mwambie Annonciata kwamba nimesikia, na kwamba nikivuka kuja Goma nitafika kwanza Katoyi kumushika mukono.

Jana baada ya misa nilifunga mulango wa chumba, nikanawa mikono, nikafunua.

Nilikaa naye muda murefu. Nilimuambia kuhusu wewe, masomo yako, sufuria yako ya mvua. Nilimuomba musamaha kwa siku ile. Nilimuaga vizuri, polepole, kama mutu asiye na haraka. Kisha nikafungua mulango, nikamuita shangazi yako aje amusalimie wifi yake.

Papa yako anayekushukuru,
Donat